Siku tisa nyuma ya kioo cha mbele

Siku ya 1

Tumelala kwenye uwanja wa kuegesha malori kando ya barabara kuu, mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sikukusudia. Tulichwewa kabla hatujafika tulikopanga, na kuendesha gari usiku nikiwa na mama ndani ni jambo nisilolifanya.

Gari letu la kulala ni la kawaida. Mbele kuna viti viwili, nyuma yake meza, jiko la gesi la mafiga mawili na kitanda kinachokunjuliwa. Mlalaji wa upande wa mbele huweka kichwa hatua mbili tu kutoka kiti cha dereva. Mama ameuchagua upande huo kwa sababu ni rahisi kwake kushuka usiku. Magoti yake hayapatani na baridi, na ndiyo maana naandika haya yote: nimemwahidi siku tisa za milima na ziwa, na sitaki azilipie kwa maumivu.

Mbele yetu ilisimama nguzo ya taa. Kinga tuliyokuwa nayo ya kioo cha mbele ni ile iliyokuja na gari, plastiki ya viputo yenye foili pande zote mbili, inayoshikwa na vikombe sita vya mpira vya kunyonya. Saa tisa usiku kikombe cha juu kiliachia, cha pili kikafuata, kisha kinga nzima ikaangukia usukani. Mwanga wa taa ukamwagika ndani. Mama hakusema kitu, alijifunika mtandio usoni akageukia ukutani. Niliirudisha kinga mahali pake. Baada ya nusu saa ikaanguka tena.

Asubuhi nilimsalimu na kumuuliza amelalaje.

"Nimelala, mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Lakini huku mbele kuna mtu anapuliza."

Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Madirisha yote yalifungwa. Nimeliandika neno lake kama alivyolisema, kwa sababu mama hana kawaida ya kutia chumvi.

Siku ya 2

Tumepanda hadi mita 1,900. Kwa wastani joto la hewa hushuka nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo nilijua usiku wa leo utakuwa mkali kuliko wa jana hata hali ya hewa isipobadilika.

Tulipopumzika mchana nilichukua futi na kupima vioo vya mbele. Kioo kikubwa kina eneo la mita za mraba 1.3 hivi. Vya milangoni ni kama 0.4 kila kimoja. Jumla 2.1. Madirisha ya sehemu ya kulala hayanipi wasiwasi, maana yametengenezwa kwa plastiki ngumu ya tabaka mbili zenye hewa katikati. Ya mbele ni kioo kitupu. Kile kikubwa ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki ili kisitawanyike kikivunjika, lakini kwa habari ya joto utando huo hausaidii karibu chochote. Vya milangoni ni bamba moja tu.

Kioo cha namna hii hupoteza karibu wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Tofauti ikiwa nyuzi 15, kwa vioo vyetu ni karibu wati 180. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80. Nilipoweka hesabu hizo mbili pamoja nilikaa kimya muda mrefu: mimi na mama tukilala usiku kucha, miili yetu miwili haitoshi hata kufidia kinachotoka kwenye vioo vya dereva. Kuta, sakafu na dari bado hazijadai chao.

Nikaendelea. Sponji ngumu ya unene wa milimita 10, ile ya vijitundu vilivyofungwa inayotumika kwa mikeka ya kulalia kambini, ingeshusha wati 180 hadi karibu 70. Ya milimita 20 ingefika kama 44. Yaani sentimita ya kwanza inaokoa zaidi ya wati 100, ya pili inaongeza kama 26 tu. Hesabu hii ilinizuia kufanya nilichokuwa nimepanga, kununua godoro nene na kulibana kwenye kioo. Unene si ugonjwa wetu.

Siku ya 3

Ziwani. Anga safi, nyota nyingi, utulivu mtupu. Jioni nilibandika vipimajoto viwili, kimoja kwenye dashibodi na kimoja kichwani pa mama. Cha tatu nilikifunga nje kwenye kioo cha pembeni cha gari.

Saa kumi na moja alfajiri kile cha nje kilisoma nyuzi 6. Hata hivyo kioo kikubwa kilikuwa na ukungu wa barafu nyembamba kwenye sehemu yake ya juu, upande wa nje. Hewa ya nyuzi 6 haigandishi maji. Kilichofanya kazi hiyo ni anga. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho, yaani joto linalosafiri bila kuhitaji kugusana, na usiku usio na mawingu kitu kilichoelekea juu hutoa zaidi kuliko kinachopokea, hivyo hupoa kupita hewa inayokizunguka. Daktari William Charles Wells alilieleza jambo hili mwaka 1814 alipokuwa akichunguza umande kwa vipimajoto vilivyolazwa juu ya nyasi. Kioo cha mbele cha gari kimelala kwa mshazari, kinatazama mbingu karibu kama uwanja wa nyasi. Vya milangoni, vinavyotazama miti, havikuwa na barafu.

Ndani ilikuwa habari nyingine. Kile kikubwa kilikuwa kimeloa nyuma ya kinga, maji yanatiririka hadi kwenye matundu ya hewa ya dashibodi. Nilikausha kwa taulo na kulikamua kwenye kikombe chenye alama: robo lita, na nyingine imebaki kwenye taulo. Watu wawili waliolala hupumua na kutoa jasho linalofika karibu nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Gesi ya kupikia nayo huongeza yake, kwa maana kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Sisi tulikuwa tumechemsha birika mara mbili kabla ya kulala, madirisha yamefungwa.

Hapa pana jambo ambalo sikulijua vizuri kabla ya safari hii. Hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 10. Kinga ya ndani, kadiri inavyokuwa nzuri, ndivyo inavyozuia joto la chumba lisifike kwenye kioo, na ndivyo kioo kinavyozidi kuwa baridi. Kwa hiyo kinga nzuri iliyofungwa vibaya hulowesha kuliko kutokuwa na kinga kabisa.

Mama alisimama akitazama maji yanavyoshuka. Akaweka kiganja chini ya kinga, pale inapokutana na dashibodi.

"Njoo uweke mkono hapa. Huyu ndiye anayepuliza."

Nikaweka. Hewa baridi ilikuwa ikitoka taratibu chini ya ukingo, kama maji yanayovuja. Nikapandisha mkono juu, kwenye ufa ulioachwa na vikombe, na pale karatasi nyembamba ya kufutia ilikuwa ikivutwa kuelekea kioo. Hewa ya chumba iliingia kwa juu, ikapoa kwenye kioo, ikawa nzito, ikashuka, ikatokea chini na kumwagikia kitanda. Njiani iliacha maji yake kwenye kioo. Upepo wa mama ulikuwa wa kweli, na tulikuwa tukiutengeneza wenyewe usiku kucha.

Tangu hapo niliacha kufikiria kitambaa. Nilianza kufikiria kingo.

Siku ya 4

Mvua tangu asubuhi. Tuliteremka mji wa jirani kununua vitu, tukarudi ziwani, na siku nzima ikaishia ndani ya gari. Ni siku niliyoipenda kuliko zote.

Tulinunua sponji ya milimita 10, kitambaa cheusi kizito, foili iliyobandikwa kwenye kitambaa, utepe wa pindo, velkro, gundi ya kupuliza na sumaku ndogo za duara. Kabla ya kulipia kitambaa niliwasha tochi ya simu nikaiweka nyuma yake. Vitambaa viwili vya kwanza vilionyesha duara la mwanga, vyote viwili vikiwa vyeusi ti machoni. Weusi wa rangi haumaanishi kwamba mwanga haupiti. Cha tatu hakikuonyesha kitu.

Kiolezo nilikifanya kwa karatasi kubwa za kufungia vifurushi, nilizozibandika kwenye kioo kwa ndani kwa selotepu ya karatasi. Fanyeni hivyo pia, msipime kwa futi. Kioo cha mbele kimepinda pande mbili, na futi hudanganya. Nilipapasa ukingo kwa kidole huku nikichora kwa kalamu ya risasi, kisha nikakata kwa nje ya mstari, sentimita moja zaidi kila upande. Hiyo sentimita moja ndiyo inayoibana kinga isianguke, na ndiyo inayofanya vikombe vya kunyonya visihitajike. Sivitaki tena. Mpira hukakamaa kwenye baridi, maji yanayotiririka juu ya kioo huingia chini yake, na huachia saa ile ile unayovihitaji.

Kwenye kioo cha ndani cha kutazamia nyuma nilipasua mkato mmoja kutoka juu, kisha nikashona kipande kinachofunika mkato kwa velkro. Wengi hukata tundu kubwa la mraba pale na kuliacha. Ni tundu lililo juu kabisa, mahali ambapo hewa ya joto hukusanyika.

Kingo za chini zilinisumbua. Dashibodi haiko bapa, ina mawimbi na matundu ya hewa. Nilikata na kukata upya mpaka karatasi ikawa imejaa viraka. Mama alikuwa akinitazama kutoka kitandani, sindano mkononi.

"Usiifuate dashibodi," alisema. "Ikate iwe bapa, halafu nitakushonea nyoka wa kuiziba."

Akachukua mabaki ya sponji, akayakatakata, akashona mfuko mwembamba wenye urefu wa dashibodi nzima, akayajaza humo. Nyoka huyo hulala mbele ya kinga na kujisukuma mwenyewe kwenye kila bonde. Kitu rahisi kuliko vyote tulivyotengeneza, na ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Vya milangoni tulitumia sumaku zilizoshonewa kwenye vijifuko vya pindo. Nilipitisha sumaku moja kuzunguka fremu yote kwanza, nikaweka alama ya chaki kila iliposhika. Juu na pande mbili ilishika, kwa kuwa kuna chuma. Chini haikushika, kwani pale ni plastiki. Kwa hiyo upande wa chini tulifanya uwe mrefu kidogo, unasukumwa kwenye mfereji kati ya kioo na mlango.

Tulikosea jambo moja. Kinga ya kwanza ya mlango tuliishona kwa mistari katikati, kama blanketi, ili tabaka zisiteleze. Tulipoinyanyua kuelekea dirishani tukaona nyota: kila tundu la sindano ni nukta ya mwanga. Zilizobaki tumezishika kwa gundi, na mshono uko pembeni tu. Ile ya kwanza tumebandika utepe juu ya mistari.

Siku ya 5

Jana usiku tulifunga vyote kwa mara ya kwanza. Nilimwacha mama ndani taa zikiwaka, mimi nikazunguka nje gizani. Kisha tukabadilishana: mimi ndani gizani, yeye nje na tochi, akiipitisha polepole kando ya fremu huku nikiweka alama kwa chaki kila nilipoona mwanga.

Tulipata sehemu kumi na moja. Nyingi zilikuwa kwenye pembe za juu za kioo kikubwa, mbili kwenye nguzo za pembeni ambako plastiki ya gari imejikunja, moja kwenye kidirisha kidogo cha pembetatu mbele ya mlango wa kulia ambacho nilikisahau kabisa. Leo asubuhi nikaenda kwenye kila alama na ile karatasi nyembamba. Kwenye tisa kati ya hizo kumi na moja karatasi ilitikisika.

Mwanga na hewa hupita mlango mmoja. Mtu hawezi kuiona hewa, lakini anaweza kuuona mwanga akiwa amelala chali kitandani. Kwa hiyo kama kipimajoto hamna, subirini jua lichomoze, laleni, tazameni kingo. Kila mstari unaong'aa ndipo baridi ilipoingilia usiku.

Usiku ulikuwa nyuzi 5 nje. Kichwani pa mama kipimajoto kilisoma 13 alfajiri. Siku ya tatu kilikuwa kimesoma 9, na nje ilikuwa joto zaidi kwa nyuzi moja. Hatukuwasha hita usiku wowote kati ya hizo mbili.

Siku ya 6

Njia ndefu, mashimo mengi. Nimeziba sehemu saba kati ya kumi na moja kwa vipande vya sponji. Tumefika tukiwa tumechoka, tukalala.

Siku ya 7

Mita 2,700. Nje ilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri.

Nilikuwa nimepanga jaribio dogo kwa usiku huu. Kinga ya mlango wa kushoto niliibana moja kwa moja kwenye kioo, foili ikigusa. Ya kulia niliiwekea vipande vya sponji pembezoni ili ibaki nafasi ya hewa ya milimita 15 kati ya foili na kioo. Vitambaa ni vile vile, unene ni ule ule. Alfajiri nilipima upande wa ndani wa kila kinga kwa kipimajoto kilichobanwa juu yake kwa dakika kumi. Kushoto nyuzi 7, kulia nyuzi 9.

Foili haina joto lake. Inachofanya ni kukataa kutoa na kupokea mnururisho: alumini safi hutoa chini ya asilimia 5 ya kile ambacho uso mweusi ungetoa, ilhali kioo hutoa zaidi ya asilimia 80. John Leslie alionyesha tofauti hii mwaka 1804 kwa chombo cha mraba kilichojaa maji ya moto, upande mmoja umeng'arishwa na mwingine umepakwa masizi. Lakini foili ikigusana na kioo, joto halihitaji mnururisho tena, linapita kwa kugusana tu, na alumini ni miongoni mwa vitu vinavyopitisha joto vizuri kuliko karibu vyote. Ndani ya themosi, chombo ambacho James Dewar alikibuni mwaka 1892, kuta mbili zilizopakwa fedha hazigusani ila shingoni, na hewa ya katikati yake imeondolewa. Sisi hatuwezi kuondoa hewa yote katikati, ila tunaweza kuiacha itulie. Kwa hiyo nafasi hiyo lazima izibwe pande zote; ikiwa wazi juu na chini inarudi kuwa ule mfereji wa upepo.

Nyuma ya kinga kubwa kulikuwa na barafu upande wa ndani wa kioo, nyembamba, yenye maua. Nilipokausha baadaye nilipata vijiko vinne tu vya maji. Hewa ilikuwa haizunguki tena, kwa hiyo mvuke haukuwa ukiletwa. Pia tulikuwa tumefungua tundu la dari upana wa vidole viwili tulipochemsha maji, na tukaliacha wazi upana wa kidole kimoja usiku. Unyevu wa ndani ulibaki kati ya asilimia 60 na 65.

Sipendi kusikia mtu akisema ameziba gari lake lisipitishe hewa kabisa. Matundu ya hewa ya kudumu yaliyowekwa kwa ajili ya gesi hayazibwi, hata baridi iwe kali namna gani. Tuna kengele ya monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, juu ya kitanda, nami huijaribu kila jioni kabla mama hajapanda kulala. Tunachoziba ni kingo za kinga. Chumba lazima kiendelee kupumua.

Hata hivyo mama aliamka na miguu ya baridi. Hii ilinishangaza, kwa sababu kichwani palisoma 11. Nilipiga magoti nikapitisha mkono sakafuni. Baridi ilikuwa ikitoka kwenye ngazi za milango ya mbele, pale ambapo bati liko wazi bila zulia, na kwenye nafasi ya pedali. Ilishuka ikatambaa chini ya viti hadi kitandani. Matundu ya dashibodi nayo yalikuwa yamewekwa kuvuta hewa ya nje. Nimegeuza kitufe ili hewa izunguke ndani, jambo la kufanywa kabla ya kuzima injini, maana kwenye magari mengine kifuniko hicho huendeshwa na umeme.

Mchana tulikata vipande vinne vya sponji: viwili vya ngazi, viwili vya miguuni. Nyuma ya viti tukatundika pazia zito linalogusa sakafu na kulala juu yake sentimita kumi. Pazia lisilofika chini ni kama bwawa lenye tundu kwenye msingi.

Siku ya 8

Mahali pale pale. Nilitaka kujua kinga ya nje inafanya nini, kwa hiyo nilichukua turubai letu la akiba, nikashona sponji iliyobaki upande wa ndani, nikafunika kioo kikubwa na vya milangoni kwa nje. Ncha zake niliziingiza ndani ya milango na kuifunga.

Nje nyuzi 1 chini ya sifuri. Alfajiri kioo kilikuwa kikavu kabisa kwa ndani. Nilipitisha kiganja juu yake mara mbili kuhakikisha. Sababu ni ile ile ya siku ya tatu, imegeuzwa: kinga ikiwa nje, kioo kinabaki upande wa joto, nacho hakishuki hadi pale umande unapoanza. Kingo za turubai hazikunisumbua sana pia, kwa kuwa kioo chenyewe kilikuwa kimeshaziba mwanya kati ya chumba na nje.

Ila upepo ulipoamka saa saba usiku turubai lilipiga bati kwa sauti iliyotuamsha wote wawili. Asubuhi lilikuwa limeloa na limekakamaa kwa barafu, na hatuna pa kulikaushia. Mama aliniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwenyewe.

"Na tukitaka kuondoka usiku, ghafla?"

Tukajaribu. Mama alishika saa. Kuvua kinga za ndani na kuwasha injini kulinichukua sekunde 50. Kuvua turubai, kwa vidole vyenye baridi, dakika tatu na ushee, tena ukiwa umesimama nje. Nimeamua: kinga za ndani kila usiku, turubai kwa usiku wa baridi kali pekee, mahali tulivu tunapopajua. Funguo zinalala mfukoni mwa mlango. Kiti cha dereva hakiwekewi mzigo.

Siku ya 9

Tumeteremka hadi mita 600, na joto limekuja kutulaki. Saa saba mchana tuliegesha bila kivuli. Kinga zile zile, foili ikitazama nje, tulizirudisha kwenye vioo, tukaacha tundu la dari wazi na dirisha la nyuma wazi. Dashibodi ilibaki ya kugusika. Mara moja nilijaribu kugeuza upande mweusi nje kwa dakika ishirini, na nilipoweka mkono kati ya kitambaa na kioo niliutoa haraka: kitambaa cheusi kilikuwa kimelimeza jua na kulibakiza humo ndani, kikaukaanga mpira wa fremu. Upande mweusi daima ndani.

Kwa jua kinga ya nje ingekuwa bora zaidi, kwani inalizuia kabla halijavuka kioo. Foili ya ndani hulirudisha nje sehemu kubwa, lakini si yote.

Mchana huo wote mama alikuwa akishona. Nilidhani anarekebisha pindo. Kumbe alikuwa akiweka alama za uzi mnene kwenye kila kinga: fundo moja kushoto, mawili kulia, matatu katikati, na mshono wa nyuzi panda upande wa juu. Jioni aliniambia nikae. Akazifunga zote mwenyewe, kwa kupapasa, taa ikiwa imezimwa, akamalizia kwa kumlaza nyoka kwenye dashibodi na kumsukuma kwa ngumi kutoka ncha hadi ncha. Dakika nne.

Kisha akapanda kulala. Kule nje taa ya barabara ilikuwa ikiwaka, karibu kuliko ile ya usiku wa kwanza. Nililala chali nikatafuta mwanga kwenye kingo, juu, nguzo za pembeni, mkato wa kioo cha kutazamia nyuma. Nimeupata mmoja tu, pembe ya chini ya kidirisha cha pembetatu cha kulia, mdogo kama punje. Nimeuwekea chaki. Kesho nitauziba kabla hatujaondoka.